Inkscape kwenye kazi ya imprimeri: inavyofaa, na pale inapokwama, kwa anayetayarisha logo Goma

Goma ni mji wa logo. Ziko kwenye jile (vizibao) za mashirika, kwenye milango ya jeep, kwenye mabango ya bashi (turubai) kando ya barabara, kwenye pakiti za kahawa ya Kivu na kwenye muhuri wa kila ofisi, kubwa kwa ndogo. Nyingi kati ya hizo hufika imprimeri zikiwa picha iliyotumwa kwa WhatsApp, au zimebandikwa juu ya barua ya Word. Kazi ya kuitoa logo humo na kuifanya faili linalochapika vizuri ndiyo tunayoipimia Inkscape hapa: programu ya bure ya kuchora kwa vekta, yaani kwa mistari na maumbo yasiyoharibika yakikuzwa, toleo la 1.4 lililotoka Oktoba 2024. Pale inapozidiwa tumeiunganisha na Scribus, programu ya kupanga kurasa za kuchapwa, nayo ya bure.

Hukumu iwe mwanzoni, kwa wenye haraka. Kwa kuchora na kusafisha umbo la logo, Inkscape haina sababu ya kuona haya mbele ya programu za kulipia. Kwa rangi za uchapaji ina upungufu mkubwa, na ubaya wake ni kwamba upungufu huo umejificha mahali ambapo anayeanza ataona kila kitu kiko sawa.

Kuipata si shida. Faili lake la kusakinisha hupakuliwa mara moja, kisha hugawanywa kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kumwibia mtu, kwa kuwa leseni yake ya GPL inaruhusu. Haidai kadi ya benki wala malipo ya kila mwezi. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na menyu zake zipo kwa Kifaransa, jambo linalowafaa wengi waliosomea kompyuta hapa. Katika maelezo haya tunataja vibonye vya kibodi zaidi kuliko majina ya menyu, maana vibonye havibadiliki na lugha. Kitu cha kwanza kurekebisha baada ya kuisakinisha ni muda wa kujihifadhi yenyewe: ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya kuingiza na kutoa mafaili, uweke dakika 3. Umeme wa huku haumsubiri mtu amalize kuchora.

Kabla ya kuchora upya, tafuta ya asili

Kosa la kwanza la wengi ni kukimbilia kuigeuza picha kuwa vekta wakati vekta yenyewe ipo. Shirika likisema "hatuna faili lingine", liombe ripoti yake yoyote ya PDF. Fungua ukurasa wa jalada ndani ya Inkscape, bofya logo, kisha soma mstari wa chini wa dirisha. Ukisema ni kundi au njia (mstari wa vekta unaounda umbo), umepata vekta halisi: itenganishe kwa Shift+Ctrl+G, ihamishie kwenye faili jipya, na nusu ya kazi imekwisha. Ukisema ni picha, endelea kutafuta. Wakati wa kufungua PDF, dirisha dogo hukuuliza njia ya kuingiza. Ile ya Poppler hugeuza maandishi kuwa maumbo, kwa hiyo hata kama fonti ya shirika haipo kwenye kompyuta yako, herufi hazibadiliki sura.

Hati ya Word nayo ina siri yake. Faili la docx kwa ndani ni kifurushi cha zip. Nakili faili, badilisha kimalizio kiwe zip, lifungue, uingie kwenye folda ya word kisha media. Picha zote zimo humo kwa ukubwa zilivyoingizwa, na mara nyingine utakuta EMF au SVG, yaani vekta ambayo mteja hakujua anayo.

Picha ya WhatsApp iliyotumwa kama picha, si kama hati, imeshapunguzwa vipimo na kubanwa. Hesabu yake ni rahisi. Logo ya pikseli 800 kwa upana, ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi kama karatasi nzuri inavyotaka, inatosha sentimita 6.8 tu. Kwenye kadi ya vizite itapita bila kelele. Ukiivuta ijaze bashi ya mita 3, kila pikseli inakuwa mraba wa karibu milimita 4, na hakuna mashine itakayoficha ngazi hizo. Kuibadilisha namba ya dpi (pikseli kwa inchi) ndani ya programu bila kuongeza pikseli ni kubadilisha maandishi ya lebo tu. Bidhaa ni ileile.

Kufuatisha picha: Potrace na mipaka yake

Kama kweli hakuna vekta, Inkscape ina kifaa cha kufuatisha picha (Shift+Alt+B), ambacho kwa logo za rangi moja hutumia injini ya Potrace ya Peter Selinger. Ni kifaa kizuri kuliko watu wanavyodhani, ila kinakula kile unachokilisha. Ukikipa picha ndogo yenye chembechembe za JPEG, kitazifuatisha chembe zote kwa uaminifu. Kwa hiyo pitia kwanza GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha: kuza picha mara 3 au 4, kisha tumia kizingiti ili ibaki nyeusi na nyeupe tupu. Kingo zilizokuwa ngazi zinalainika, na Potrace inapata mstari wa kufuata.

Ndani ya kidirisha, kwa rangi moja chagua njia ya mwangaza na ucheze karibu na 0.45 hadi 0.55. Mipangilio ya madoa iongeze hadi 10 au 20 ili vumbi lisigeuke maumbo. Kwa logo ya rangi nyingi, weka idadi ya rangi zilizomo kweli, na uache alama ya kupanga tabaka moja juu ya jingine. Ukiiondoa, rangi zinakaa ubavu kwa ubavu kama vigae, na nyufa nyembamba nyeupe zinatokea katikati. Zikifika kwenye karatasi hakuna anayeweza kuzielezea kwa mteja. Baada ya kufuatisha, picha ya zamani bado imelala chini ya vekta, mahali palepale. Isogeze pembeni au uifute. Mafaili mengi yanayokuja imprimeri yakiwa na "vekta yenye ukungu" yana tatizo hilo hilo: picha na vekta zimetumwa pamoja.

Sasa maoni yetu, na wengine hawatakubali: kufuatisha kuwe ni kwa sehemu za mkono tu, kama sahihi, mchoro wa mlima au uso wa mnyama. Duara, nyota, mstari na ngao vichorwe upya kwa vifaa vya Inkscape juu ya picha iliyofifishwa. Duara la kweli lina nodi 4, yaani vipointi vinavyoshika mstari wake. Lililofuatishwa linaweza kuwa na 20 au zaidi, na ukilikuza kwenye bashi linaonekana kama viazi. Kupunguza nodi kwa Ctrl+L kunasaidia kidogo, lakini ukirudia mara mbili tatu pembe kali zinaanza kuyeyuka. Na maandishi yasifuatishwe kamwe. Tafuta fonti iliyotumika au inayokaribiana nayo sana, yaandike upya, uyalinganishe na picha herufi kwa herufi.

Usafi wa umbo

Hapa ndipo Inkscape inapata alama zake za juu. Kuna mambo manne ambayo faili la uchapaji lazima liwe nayo, na yote yanafanyika humu bila programu nyingine.

Maandishi yageuzwe njia: yachague, Shift+Ctrl+C. Usipofanya hivyo, kompyuta ya imprimeri isiyo na fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza. Ila hifadhi kwanza nakala yenye maandishi hai, maana baada ya hapo huwezi kusahihisha hata nukta. Mistari nayo igeuzwe kuwa maumbo kwa Ctrl+Alt+C. Sababu ni kwamba unene wa mstari hutegemea kitufe kidogo kilicho juu ya dirisha kinachoamua kama unene ukue pamoja na umbo. Mwenzako aliyekizima akipunguza logo ya sentimita 20 kuwa sentimita 3, mistari inabaki na unene wa mwanzo na logo inajaa wino. Mstari uliogeuzwa umbo hauna mjadala huo.

Maumbo ya rangi moja yanayoingiliana yaunganishwe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Angalizo: kuna Ctrl+K ambayo nayo inaunganisha, lakini kwa namna nyingine, sehemu zinazopishana hutoboka. Ukiona herufi imepata dirisha katikati ya mguu, umebonyeza hiyo.

La nne ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi mjini: nyeupe bandia. Mchoraji akitaka tundu ndani ya duara anaweka duara dogo jeupe juu yake. Kwenye karatasi nyeupe, na kwenye skrini nyeupe, hakuna tofauti. Faili hilohilo likienda kwenye jile ya bluu, mashine inayochapa wino mweupe itachapa lile doa, na mashine ya kukata vinili itakata duara la ziada. Dawa yake ni kulitoa umbo la juu kutoka la chini kwa Ctrl na alama ya kutoa, ili tundu liwe tundu. Kuchunguza ni sekunde tano: chora mstatili wa rangi ya machungwa, upeleke chini ya logo yote, utazame mahali ambapo machungwa hayapenyi.

Kisha bonyeza Ctrl+5 hadi skrini ibaki na mistari mitupu bila rangi. Mtazamo huu unaonyesha kila kitu kilichofichwa: vipande vilivyosahauliwa nje ya ukurasa, maumbo mawili yaliyolala moja juu ya jingine, mstari uliokatika. Kwa heshima zote kwa programu za kulipia, mtazamo huu wa Inkscape ni mwepesi hata kwenye kompyuta ya zamani. Kinachoilemea ni ukungu na vivuli. Logo yenye vitu hivyo inaburuta hata mashine yenye nguvu.

Rangi, sehemu ya kuwa macho

Inkscape inafikiri kwa RGB, rangi za mwanga wa skrini. Uchapaji wa ofseti, ule wa sahani, unafanya kazi kwa wino nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi, yaani CMYK. Hilo si siri. Mtego uko kwenye kidirisha cha rangi (Shift+Ctrl+F), ambacho kina sehemu iliyoandikwa CMYK yenye vitelezi vinne. Mtu anaweka samawati 100, nyingine zote 0, anahifadhi PDF, anaamini ametuma samawati safi. Hakutuma. Vitelezi hivyo ni njia nyingine tu ya kuandika namba ya RGB; CMYK uliyoiandika haihifadhiwi kwenye PDF. Ikifika imprimeri, programu ya mashine inaigeuza RGB hiyo kuwa CMYK kwa hesabu zake, na kinachotoka ni mchanganyiko mwingine kabisa.

Nyeusi ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Nyeusi ya Inkscape ni RGB 0, 0, 0. Ikigeuzwa kwa wasifu wa rangi (faili linaloeleza rangi za mashine na karatasi fulani), kwa kawaida inakuwa wino zote nne kwa pamoja. Kwa herufi kubwa haidhuru. Kwa maandishi madogo yaliyo chini ya logo, ile kaulimbiu ya herufi za pointi 6, sahani nne zikipishana sehemu ya kumi ya milimita tu, kila herufi inapata kivuli chekundu upande mmoja na cha samawati upande wa pili. Mteja anasema mashine ni mbovu. Mashine haina kosa. Maandishi madogo yalitakiwa kuwa K 100 peke yake.

Bluu ya anga nayo inatesa watu. Ndiyo rangi ya bendera yetu kwa Katiba ya 2006, kwa hiyo vyama na taasisi nyingi wameiweka kwenye logo zao, na wengi wameichagua kwa kutazama skrini: bluu kali, kitu kama RGB 0, 127, 255. Hakuna mchanganyiko wa wino nne unaoifikia rangi hiyo. Itatoka imepoa, na ikizidi majenta itaegemea zambarau. Hivyo hivyo kijani kinachong'aa na machungwa ya kupiga macho. Usimwahidi mteja rangi ya skrini. Mchapie rangi hizo kwenye mashine na karatasi ileile itakayotumika, miraba 15 au 20 yenye namba zake za CMYK chini, achague kwa macho yake mchana, nje, si chini ya taa ya duka.

Njia ya kuvuka pengo hili ni Scribus, toleo la 1.6 la mwaka 2024. Hifadhi logo kama SVG, ikiwa tayari imegeuzwa njia zote. Ndani ya Scribus ingiza faili la vekta, kisha fungua orodha ya rangi kwenye menyu ya kuhariri. Rangi zilizotoka kwa Inkscape utazikuta zimeorodheshwa kwa majina yanayoanza na FromSVG na namba zake. Fungua kila moja, badilisha mfumo wake kuwa CMYK, andika namba unazotaka. Popote rangi hiyo ilipotumika inabadilika yenyewe, na safari hii namba zinakaa. Nyeusi iandike 0, 0, 0, 100. Kama logo inaenda kwenye serigrafia (uchapaji wa wavu), ipe rangi alama ya kuwa wino maalumu, ili kila rangi itoke kwenye filamu yake.

Bado ndani ya Scribus, washa usimamizi wa rangi na uchague wasifu: FOGRA39 kwa karatasi yenye mng'ao ndiyo inayokubalika sana, na FOGRA52 ipo kwa karatasi isiyo na mng'ao. Usipowasha usimamizi huo, chaguo la PDF/X, ile PDF ya uchapaji, halitafunguka, na wengi hudhani programu imeharibika. Jumla ya wino mahali penye giza zaidi isizidi asilimia 300 kwenye karatasi yenye mng'ao. Kwenye karatasi ya kawaida iwe chini zaidi, la sivyo haikauki na inachafua ukurasa wa juu yake. Mandhari kubwa nyeusi inayohitaji uzito inaweza kuwa 60, 40, 40, 100, ambayo ni 240 tu. Mwisho fungua onyesho la kabla ya kuchapa, uzime wino mmoja mmoja. Ukizima nyeusi na maandishi madogo yakapotea yote, umefanya vizuri.

Ni kazi ya ziada, hatukatai. Programu mbili kwa jambo ambalo Illustrator na CorelDRAW wanalifanya kwenye dirisha moja ni usumbufu, na hapo ndipo tunapoipunguzia Inkscape alama. Afueni ni kwamba kazi nyingi za mjini hazipiti kwenye ofseti. Printa za leza na mashine za bashi zina programu zao za kugeuza rangi, na mara nyingi PDF ya RGB iliyotoka Inkscape moja kwa moja inachapika humo vizuri kuliko CMYK iliyogeuzwa kwa wasifu usiohusika. Muulize mwenye mashine kabla ya kuhangaika.

Rangi za Pantone, wino maalumu zinazotambulika kwa namba, hazimo kwenye Inkscape. Kama mwongozo wa shirika unataja namba ya Pantone, iandike namba hiyo kwenye jina la rangi ndani ya Scribus na kwenye karatasi ya maelezo, pamoja na herufi C au U inayoifuata, maana wino uleule kwenye karatasi ya mng'ao na isiyo ya mng'ao hauonekani sawa.

Kutoa PDF

Ukurasa uwe saizi ya logo: chagua vyote, Shift+Ctrl+R. Hifadhi nakala kama PDF. Kidirisha kinachofunguka kina mambo mawili ya kuangalia: chagua maandishi yageuzwe njia, hata kama ulishafanya, na ubadilishe azimio la vivuli na ukungu kutoka 96 hadi 300. Hiyo 96 ndiyo inayowekwa bila kuulizwa, na ndiyo sababu vivuli vya Inkscape hutoka na vigae. Afadhali usiwe na kivuli kabisa. Logo yenye kivuli haikatiki, haifumiki, haichongeki. Uwazi nao ubadilishe kuwa rangi kamili iliyofifia.

Kama unatayarisha kadi nzima na si logo peke yake, kadi ya milimita 85 kwa 55 iandaliwe 91 kwa 61, milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na maandishi yakae angalau milimita 4 ndani ya ukingo.

Anayetumia Linux ana kipimo kisichodanganya: amri ya pdffonts na ya pdfimages yenye chaguo la -list, zote juu ya PDF yako. Zikirudisha orodha tupu, faili halina fonti wala picha, ni vekta tupu. Asiye na Linux akuze PDF hadi asilimia 6400 atazame kingo.

Kila mashine na tabia yake

Bashi: PDF ina kikomo cha kawaida cha ukurasa cha inchi 200, yaani mita 5.08. Bango la mita 6 litayarishwe kwa kipimo cha 1 kwa 10, na hilo liandikwe kwenye jina la faili, kwa sababu bila hivyo mtu atachapa bashi ya sentimita 60. Acha sentimita 7 hadi 10 pembeni bila kitu. Hapo panapita mkunjo na matundu ya kamba. Juani, majenta na manjano kwa kawaida hufifia kabla ya samawati, hivyo logo nyekundu ya nje isiwekwe kwenye rangi hafifu.

Vinili ya kukata, kwa milango ya magari na vioo: mashine inafuata mstari, haijali rangi. Maumbo mawili yasiyounganishwa yanakatwa yote mawili, na herufi inatoka imepasuliwa katikati. Herufi iliyo chini ya milimita 10 ni mateso kuing'oa, na kipande cha chini ya milimita 2 kitabanduka kwenye vumbi la barabara za huku kabla mwezi haujaisha.

Serigrafia ya tisheti: weka kila rangi kwenye tabaka lake, kila tabaka liwe jeusi tupu wakati wa kutoa filamu, na alama za kulinganisha zitolewe na kiendelezi cha alama za uchapaji kilichomo ndani ya Inkscape. Kwa nyavu ya nyuzi 43 kwa sentimita, ambayo ni ya kawaida kwa nguo, mstari usipungue milimita 0.4, na mstari mweupe ndani ya rangi uwe 0.5 kwa sababu wino husambaa na kuuziba. Rangi mbili zinazogusana ziingiliane milimita 0.3: ipe rangi nyepesi mstari wa rangi yake wenye unene wa milimita 0.6, nusu yake itaingia chini ya ile nzito. Inkscape haina kifaa cha kufanya hivi yenyewe, ni mkono tu. Mpito wa rangi hauna nafasi hapa.

DTF, uchapaji kwenye filamu unaohamishiwa nguoni kwa joto, inapenda PNG yenye mandhari wazi, azimio 300 kwa saizi halisi. Kingo zenye uwazi nusu hupata wino mweupe chini yake na kuacha mstari mchafu mweupe kuzunguka logo. Sublimesheni, wino unaoingizwa kitambaani kwa joto, haichapi nyeupe na inashika kwenye poliesta ya rangi nyepesi tu; tisheti ya pamba nyeusi haiwezekani, hata faili liwe safi namna gani.

Kwa kufuma kwenye kofia na jile, kiendelezi cha bure cha Ink/Stitch kinaifanya Inkscape itoe faili la mashine ya kufuma, na hili peke yake lingetosha kuisakinisha. Herufi ziwe na kimo cha milimita 5 au 6 kwenda juu, mistari milimita 1. Kaulimbiu iondoe.

Muhuri unachongwa kwa leza kwenye raba: rangi moja, mistari ya milimita 0.3 au zaidi, herufi za milimita 2 kwenda juu. Logo yenye maelezo mengi inahitaji toleo lake la muhuri lililopunguzwa kwa makusudi, lisiwe ile kubwa iliyofinywa. Ndani ya duara la milimita 40 lenye jina la shirika likizunguka, katikati hubaki nafasi ndogo kuliko mchoraji anavyodhani mbele ya skrini.

Kwa nani, na kwa nani hapana

Mwenye imprimeri ndogo inayofanya bashi, tisheti, vinili na mihuri anaweza kuishi na Inkscape peke yake. Anayepeleka kazi ofseti, vitabu au vifungashio vya kahawa, aongeze Scribus na ajifunze sehemu ya rangi mpaka imkae. Aliyekwisha kulipia CorelDRAW na anayeielewa hana sababu ya kuhama, ingawa Inkscape itamfaa kwa kufungua PDF za watu na kwa kufuma.

Kutumiana mafaili na wenye CorelDRAW kunahitaji uangalifu. Inkscape hufungua CDR, faili la CorelDRAW, lakini matoleo mapya na athari zake hupotea njiani. Mwombe akutolee PDF. Ukimtumia wewe, PDF yenye njia tupu hupita salama kuliko SVG. Mafaili ya AI, yale ya Illustrator, yanafunguka ikiwa tu yalihifadhiwa yakiwa na PDF ndani yake. Na mafaili ya zamani ya Inkscape, yaliyotengenezwa kabla ya toleo 0.92 la mwaka 2017, yalihesabu pikseli 90 kwa inchi badala ya 96 za sasa. Programu itakuuliza uyabadilishe ukiyafungua. Jibu vyovyote, lakini pima kwa milimita kabla ya kuchapa, kwa sababu logo iliyopungua asilimia 6 haionekani kwenye skrini, ila haikai tena kwenye dirisha la kifungashio kilichokwisha kukatwa.